Vinyago Juu ya Jiwe

Shiro wa mtaa wa Mbotela tunamjua sote kwenye laini yetu ya nyumba, na haya si maneno ya kuokota njiani. Yalimpata yeye mwenyewe Aprili iliyopita.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida. Watu walikuwa wamepanga foleni bombani, redio ya jirani ikihubiri, na Lorraine, dada yake mkubwa, alikuwa akipanga vyombo ndani ya beseni huku akiimba. Lorraine alikuwa akiimba kila alipofanya kazi. Ndiye aliyemlea Shiro tangu mama yao afariki. Ndiye aliyemsuka, akamuuguza, akamfunza kupika. Shiro hakuwa na mtu mwingine duniani isipokuwa Tata Nduta, shangazi yao, na Tata Nduta alikuwa zaidi mtu wa kukaripia kuliko wa kukumbatia.

Sasa Lorraine alikuwa amepata mchumba. Aliitwa Mutisya, Mkamba mchongaji wa vinyago. Mizigo yake mingine aliipeleka kwenye hoteli moja ya watalii huko juu, kupita Nyeri, na karibu na hoteli hiyo kulikuwa na ziwa dogo ndani ya msitu wa serikali, mahali pa kupiga hema. Alikuwa ameazima gari la Probox na hema ili ampeleke Lorraine akapumzike usiku mmoja tu.

Tata Nduta alikataa katakata. Msichana hawezi kulala msituni na mwanamume kabla ya ruracio, kabla hata mbuzi mmoja wa mahari hajafika nyumbani. Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba Shiro aende nao.

"Mtazame mikono," alimnong'oneza Shiro mlangoni. "Watu wa Ukambani mdomo wao hauna neno. Mambo yao yako mikononi. Ukiona kitu, usiniambie kwa simu. Niletee nikione kwa macho yangu."

Basi Shiro akamtazama mikono. Alimtazama akibadilisha gia, akimenya ndizi, akimpa Lorraine maji.

"Niaje, karao?" Mutisya alimwambia kupitia kioo cha gari. "Tangu Thika umenikazia macho kama polisi. Nimekosa nini, shemeji mdogo?"

"Mwache," Lorraine alisema akicheka. "Huyo ametumwa."

Wote wawili walicheka. Shiro hakucheka, kwa sababu ni kweli alikuwa ametumwa.

Langoni mwa msitu walimkuta mlinzi mzee, Gitonga. Alimsalimia Mutisya kama mtu anayemjua tangu utotoni, kisha akamvuta kando. Shiro alishuka akajifanya anafunga viatu.

"Mko wangapi?" Gitonga aliuliza kwa sauti ya chini.

"Watatu, pamoja na mimi."

"Vyao umechonga?"

"Nitachonga hapo kabla ukungu haujashuka."

Gitonga aliwatazama wasichana wale mmoja mmoja, akafungua kizuizi. Hakuwatakia safari njema.

Mahali pale palikuwa pazuri. Nyasi fupi, miti mirefu yenye ndevu za kijivu, na ziwa limetulia kama chai iliyopoa kikombeni. Hapakuwa na hema lingine. Shiro alikaa kitambo kabla ya kutambua ni nini kilichokuwa kikimsumbua. Hakuna ndege hata mmoja aliyekuwa akilia.

Walipiga hema, wakawasha moto, wakabandika githeri. Lorraine alifumua nywele zake akazichana, akaweka kitana juu ya beseni. Mutisya aliketi kwenye gogo, akatoa kisu na vipande vya mti wa muhugu, akaanza kuchonga.

"Unachonga nini?" Shiro aliuliza.

"Vinyago tu vya kuuza."

Lakini vilikuwa vidogo mno kuuzwa, kila kimoja kama kidole gumba. Na alichonga haraka, akilitazama ziwa kila mara, kama mtu anayeogopa mvua.

Lorraine alipoinuka kukoroga sufuria, Mutisya alinyoosha mkono. Akachomoa unywele kwenye kitana cha Lorraine. Akausokota, akausukuma kwa ncha ya kisu ndani ya mgongo wa kinyago kimoja.

Shiro aliganda. Kwao nywele za kitana huchomwa, haziachwi ovyo, na hakuna msichana asiyejua ni kwa nini.

Ukungu ulianza kushuka jioni ikikaribia. Haukutoka angani. Ulitoka majini. Mutisya aliviinua vinyago vyake, akaenda navyo ufukweni, kisha akarudi mikono mitupu na kusema anakwenda kuongeza kuni.

Shiro alisubiri mgongo wake upotee kati ya miti, akashuka ufukweni.

Vilikuwa juu ya jiwe bapa, vimesimama, nyuso zikiangalia ziwa. Cha kwanza kilikuwa na kofia kama ya Mutisya. Cha pili kilikuwa na kovu juu ya jicho, na Shiro akajikuta anagusa kovu lake mwenyewe. Cha tatu kilikuwa Lorraine. Mashavu yake. Mwanya wake. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, kama mtu anayeimba.

Huu hapa ushahidi. Tata Nduta akiuona, harusi imekufa, na Lorraine atabaki nyumbani.

Alikichukua kinyago cha Lorraine akakitia ndani ya soksi. Mahali kiliposimama, jiwe lilikuwa na joto.

Aliporudi motoni alimkuta Lorraine ameshika mtungi.

"Nateka maji ya chai. Mbona unahema hivyo?"

"Nilikuwa nakimbia tu."

"Na huyo Mkamba wako amekimbilia wapi?" Lorraine alitania, akaingia kwenye ukungu akiimba wimbo wa kanisani.

Shiro aliusikiliza wimbo ukienda. Ubeti wa kwanza. Kiitikio. Ubeti wa pili ulikatika katikati ya neno.

Maji hayakulia. Hakuna aliyepiga kelele. Kimya tu.

"Lorraine?"

Akatokea. Hakutoka upande wa ziwa, alitoka nyuma ya hema. Hakuwa na mtungi. Aliketi karibu na moto akatabasamu.

"Githeri imeiva," alisema.

Akainama, akaipua sufuria kwa mikono mitupu.

Aliishika polepole. Akaiweka chini polepole. Shiro alisikia ngozi ikichemka. Lorraine alikuwa bado anatabasamu.

Kuni zilianguka. Mutisya alikuwa amesimama nyuma yao. Alimtazama Lorraine, akatazama mikono yake, kisha akakimbia kuelekea kwenye jiwe. Alirudi mbio. Alimshika Shiro mkono, akamvuta kando ya gari.

"Viwili vimeingia majini," alinong'ona. "Ndivyo huwa. Vinakwenda badala yetu. Cha Lorraine hakikuwepo cha kwenda. Huyo motoni si yeye. Shiro, umekichukua?"

"Sijui unasema nini."

"Baba yangu alichongea watu hapa miaka mingi. Ni desturi ya mahali, kama kuvua viatu mlangoni."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba nimechukua unywele wa Lorraine? Tata yenu angesema ni kamuti, kwamba nimemroga. Na wewe ungesema hivyo hivyo." Macho yake yalikuwa na machozi. "Kama unacho, kirudishe jiweni sasa hivi. Ukungu ukiinuka, imekwisha. Tafadhali, mdogo wangu."

Shiro alikisikia kinyago ndani ya soksi, kimebana kifundo cha mguu. Alimtazama Mutisya mikono. Ilikuwa imekunjuliwa mbele yake, ikingoja. Lakini mchawi hukosa machozi? Si ndivyo anavyobembeleza, akukute umelegea? Akikirudisha, amemkabidhi dada yake kwa mkono wake mwenyewe.

Ukungu ulianza kupasuka. Ng'ambo ya ziwa mti mmoja ulionekana. Kisha wa pili.

"Shiro."

"Sina kitu chako," Shiro alisema.

Jua la mwisho likaangaza majini. Mahali fulani msituni, ndege mmoja akaanza kulia, kisha wote.

Mutisya alikaa chini kwenye nyasi.

Hawakulala pale. Aliwarudisha Mbotela usiku huo huo, akawashusha barabarani, na hakuja tena. Tata Nduta aliposikia habari ya unywele, alimsifu Shiro mbele ya majirani. "Ona alivyotulia dada yako. Kumbe alikuwa amefungwa."

Na kweli Lorraine ametulia. Anakwenda kazini, anarudi, anapika. Mikono yake ilipona kwa siku mbili bila alama. Hagombani na mtu. Hucheka wenzake wakishamaliza kucheka. Kuimba, haimbi.

Shiro hakumpa Tata Nduta kile kinyago. Alitaka kukichoma, lakini kwanza akampigia Mutisya simu. Simu ilipokelewa.

"Turudi basi," Shiro alilia. "Nikiweke mwenyewe."

"Ukungu ulishainuka, Shiro. Wewe usikichome tu."

Akakata.

Kwa hiyo Shiro alikitia ndani ya chupa ya kioo ya kahawa, akaificha juu ya kabati nyuma ya masanduku. Baridi ya Julai ilipoingia, aliishusha asubuhi moja kuipangusa vumbi. Kioo kilikuwa na mvuke. Aliufuta kwa nje, haukufutika. Ulikuwa ndani. Alikaa akiutazama ukififia na kujaa, ukififia na kujaa, kama dirisha la mtu aliyelala.

Siku hiyo alichukua msumari akatoboa kifuniko.

Juzi aliishusha tena. Kioo kizima kilikuwa cheupe kwa mvuke, ila sehemu moja ndogo, duara, pana kama ukucha. Sehemu hiyo ilikuwa safi. Ilikuwa imefutwa kutoka ndani, upande unaotazama kitanda anacholala Lorraine.