Kisanduku Kiliita Mara Mbili

Nilienda bureau, ofisi yetu, kufunga dirisha tu. Mangaribi ilikuwa inaingia Butembo, mwaka 2002, kila mutu anakimbilia kwake juu ya vita. Groupe, jenereta yetu, haikuwa na mafuta tangu juzi.

Mais écran, kioo ya machine yangu ya kompyuta, ilikuwa inawaka.

Ngoja nieleze mwanzo, juu mimi Hadjara siko mutu wa kuogopa ovyo. Nilikuwa napanga safari za camion, malori ya mizigo, mu agence ya baba mudogo. Ndugu yangu Shafii alikuwa chauffeur, dereva wa njia ya Beni mupaka Eringeti. Kila siku Ananie, mutu wetu wa Beni, alituma habari ya njia kwa phonie, ile redio ya kuita mbali, ikaingia ndani ya machine kama maandishi. Mimi nikamusomea Shafii ku phonie, yeye mwenye kungoja Mbau, katikati ya njia. Kama njia ni mubaya, analala kule.

Bertrand, fonctionnaire, mutumishi wa serikali wa kutoka mbali, alikuwa na bureau ingine nyuma ya ukuta. Machine yake na yangu zilifungwa kwa waya moja. Ni yeye aliniwekea Linux, programu ya kuendesha machine. Mwaka muzima alikula bugali na sombe, majani ya muhogo, kwangu. Nilimuomba machine yenyewe ionyeshe message ya Ananie kila siku, saa kumi na mbili ya mangaribi. Alipanga. Saa ikafika, kazi ikafanyika, machine ikaandika kama imefanyika... ku écran, bule, hapana kitu.

Akanieleza pole pole. Kazi ya saa inatembea mu giza, hapana jua écran iko wapi. Hata ikijua, mwenye écran hajaipa ruhusa. Donc akaandika jina ya écran. Kisha, kwa ruhusa, akaweka alama ya kujumlisha, kusema machine yoyote iandike ku écran yangu.

"Nimefungulia bote, ni rahisi."

"Bote?"

"Tuko sisi tu hapa, ma sœur."

Nikaongeza yangu: kile kisanduku cha message ku écran kiite jina yangu mara mbili. Nyanya yetu wa kijiji ya Kipese alitukataza kuitika mangaribi mara ya kwanza. Muzimu unaita mara moja tu, mutu muzima, mwenye uhai, anarudilia. Bertrand hakucheka. Alinisikiliza vizuri sana, ule mubaya.

Siku moja, saa kumi na mbili, kisanduku kikatokea. *Hadjara.* Sikugusa. Kikapotea. Kikarudi: *Hadjara. Njia iko bien. Shafii aende.*

Nikamusomea ku phonie.

"Imeita mara mbili?" Shafii akauliza.

"Mara mbili."

Akaenda.

Asubuhi baliniletea habari. Camion imeungua mbele ya Eringeti. Shafii haonekani, hata mwili. Nilirudi ku machine, nikasogeza kile kisanduku.

Chini yake kulikuwa kingine.

Kilikuwa cha Ananie: *Njia ni mubaya. Shafii abaki.* Bertrand alikuwa amekifunika kwa chake, akiwa kwake nyuma ya ukuta. Bureau yake ilikuwa wazi, na yeye hayupo. Alimufanyia nani ile kazi, mupaka leo sijue. Bale ba bunduki benye kuchoma camion sibajue, pengine Mungu atanisaidia nibasamehe. Mais Bertrand nilimupa neno ya nyanya yangu, akamuulia nayo ndugu yangu. Hiyo inaniuma mupaka ndani ya mifupa.

Nilikata waya. Nilifuta kazi zote za saa. Nilifunga ruhusa.

Na sasa, mangaribi ile nilikuja kufunga dirisha, écran ilikuwa inawaka bila courant ya umeme. Harufu ya mazout, mafuta ya camion, ikajaa bureau, harufu ya mikono ya Shafii.

*Yaya Adja.*

Shafii ndiye aliniita vile, ku meza yangu, mbele ya bote tuliokula nabo, Bertrand pia.

Sikugusa. Kisanduku kikapotea. Mara moja... basi ni muzimu, Shafii amekufa kweli. Nilikaa chini, nikalia kwa sauti. Nilikuwa nangali na tumaini kidogo, na ile ikaisha.

Kikarudi.

*Yaya Adja. Uko?*

Hiyo kanuni ya mara mbili ku machine, zaidi yangu, batu babili tu baliijua. Mumoja nilimutuma ku moto. Mwingine aliniuza.

Chini kulikuwa kifungo kimoja tu, OK, cha kuitika. Nikabonyeza.

Nyuma ya ukuta, mu bureau tupu ya Bertrand, nikasikia kiti inasogezwa.