Lenzi Aliyoisubiri Mama

Ijumaa ile nilifunga studio mapema, jua likielekea kuzama, nikaenda kununua lenzi. Si kwamba sikuwa na lenzi. Nilikuwa nazo nne kwenye begi, na kila moja niliinunua nikiapa kuwa ndiyo ya mwisho. Wateja waliniita Fundi Bado, maana hata mtu akija kupiga picha ya pasipoti nitamwambia bado, taa haijakaa sawa, bado, stendi inatikisika. Nilidhani wananisifu.

Mama yangu alikuwa na miezi minane kaburini. Na mimi, mtoto wake wa kuzaa, mpiga picha wa miaka kumi na minne, sikuwa na picha yake hata moja ya kutazamika. Siku ya mazishi tulikuza ile ya kitambulisho, ikatoka uso umesambaa kama uji uliomwagika. Shangazi akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Na huyu si ndiye mpiga picha?" akamuuliza dada yangu, kwa sauti ya kunifikia.

Mama aliniomba picha kwa miaka mitatu. Mara ya mwisho alikuja studio na gauni lake la bluu, amejipaka poda, akakaa kwenye kiti cha mbao na kuweka mikono magotini. Nikamwambia, "Mama, lenzi hii haikufai. Subiri nipate ile ya sura, ya milimita themanini na tano." Lenzi ya namna hiyo hufifisha vyote vilivyo nyuma ya mtu, na kumwacha yeye peke yake, wazi. Nilikuwa nalinganisha mbili za aina hiyo kwenye simu. Hii inapitisha mwanga mwingi, ile nyepesi. Hii, ile. Nilipoinua kichwa, kiti kilikuwa kitupu. Mama alikuwa amekaa pale saa nzima, akaondoka bila kuniaga.

Wiki tatu baadaye tukamzika.

Kwa hiyo nilikuwa naenda kununua lenzi ya kumpiga picha marehemu. Cheka ukitaka.

Duka nililoelekezwa lilikuwa ghorofani, juu ya fundi cherehani. Mwenyewe anaitwa Mama Vioo, anauza vifaa vilivyotumika. Hakuwa mtu wa kutisha. Mwanamke wa makamo, mnene kidogo, anamung'unya pipi ya mnanaa, miwani imening'inia kifuani. Akanipangia lenzi tatu juu ya kitambaa.

"Unataka ya kupigia nini?"

"Sura."

"Hii ya kuvuta vya mbali utaipenda harusini, ila bega litakuuma. Hii ya hamsini ni ya kila siku. Na hii..." Akaisukuma ya tatu kwa kidole kimoja. "Themanini na tano. Siiuzi bila kamera yake. Zimezoeana."

Nikaimulika. Kioo cha mbele hakikuwa na ukungu wala mkwaruzo. Nikaiwasha kamera yake. Kisanduku cha kijani, kile kinachotafuta uso wa mtu ili fokasi ishike hapo, kikamdaka Mama Vioo papo hapo. Nikageuza kamera upande wa dirishani. Palikuwa na kigoda. Hapakuwa na mtu.

Kisanduku kikasimama juu ya kigoda.

"Inakosea," nikasema.

Mama Vioo aliacha kumung'unya pipi. Akasogea karibu, akaongea chini chini. "Ina kumbukumbu yake ndani. Usiiguse. Itumie hivyo hivyo ilivyo, na usiwe na haraka nayo."

Sisi mafundi tukiambiwa usiguse, ndipo vidole vinapoanza kuwasha. Nilimwachia lenzi zangu zote nne, akanipa ile moja na kamera yake. Nikashuka ngazi nikijiona mjanja.

Jumamosi, mteja wa mwisho alipotoka, niliweka kamera kwenye stendi nijaribu ule mwanga wa jioni unaoingia dirishani. Nikaielekeza kwenye kiti cha mbao.

Zii... zii...

Mota ya lenzi ilikuwa inakwenda na kurudi, inatafuta. Kisanduku cha kijani kikatokea, juu kidogo ya egemeo la kiti. Pale pale ambapo kichwa cha mwanamke mfupi kingefika.

Chumba kikanukia poda.

"Mama?" nikanong'ona.

Kisanduku kikainama... kikainuka.

Mtu mwingine angetoka mbio na kuacha viatu. Mimi nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi, kisha nikaangalia kipimo cha mwanga. Nikabonyeza. Picha ilionyesha kiti, na juu ya kiti ukungu, kama pumzi ya mtu kwenye kioo cha dirisha.

Jumapili jioni ukungu ulikuwa na mabega. Jumatatu ulikuwa na rangi ya bluu, na mikono miwili magotini. Kila siku saa ile ile, dakika kumi kabla ya giza, alikuja, na kila alipokuja alizidi kuonekana. Uliobaki ni uso tu. Hata mtoto wa chekechea angejua la kufanya. Angesubiri.

Mama alinisubiri miaka mitatu. Mimi nilishindwa kumsubiri jioni ya nne.

Nilijiambia kwamba kamera haimjui. Kamera za siku hizi zina mahali pa kusajili uso. Unaielekeza kwa mtu, unabonyeza, na tangu hapo inamtafuta yeye kabla ya watu wengine wote. Mama hakuwepo wa kusajiliwa. Lakini dada yangu yupo, na yeye na mama, kila mtu husema, ni shilingi kwa ya pili. Nikakumbuka onyo la Mama Vioo, nikalipuuza. Mwenye duka atanifundisha mimi kamera?

Dada ni mwalimu wa watoto wadogo, na ndiye aliyemuuguza mama mpaka mwisho. Alifika Jumanne mchana akitokea kazini, chaki bado iko mikononi.

"Kaa hapo, Dada. Napima vifaa."

"Mama ulimpima miaka mitatu," akasema huku akikaa. "Mimi umenipangia mingapi?"

"Dakika moja tu."

"Haya. Na ukinitoa vibaya utanitambua."

Nikaingia kwenye menyu, nikafika palipoandikwa Sajili Uso. Hapo chini palikuwa na orodha ya nyuso zilizomo. Sikuifungua. Nilikuwa na haraka. Nikabonyeza.

Tii.

Dada akashika shavu lake. "Mbona baridi?"

"Feni hiyo," nikamjibu.

Feni ilikuwa imezimwa.

Jioni ile mota haikuhangaika. Haikulia hata mara moja. Kisanduku kilikuwa juu ya kiti kabla sijakitafuta, kimetulia tuli. Poda haikunukia. Kulikuwa na harufu nyingine... kama ya waya unaoungua mahali ndani ya ukuta. Nilisita kidogo. Kisha nikabonyeza.

Picha ilitoka safi. Gauni la bluu, mikono magotini, na uso wenyewe, kope moja moja, ukinitazama moja kwa moja. Nililia mpaka nikakaa chini. Kesho yake nikaichapisha kubwa, nikaitia kwenye fremu, nikaitundika ukutani. Nikampigia Dada simu aje Jumamosi, nikamwambia nina zawadi yake.

Aliingia amechoka. Simu yake, alisema, ilikuwa imekataa kufunguka kwa uso wake siku nne mfululizo. Shuleni, watoto walimpita mlangoni wakamuuliza mpishi mwalimu yuko wapi, naye amesimama hapo hapo. "Labda nimezeeka kwa mkupuo," akacheka. Kisha akaiona picha.

Kicheko kikakatika.

"Nani huyu?"

"Dada, si mama huyu."

Akaisogelea.

"Mama baada ya kile kiharusi chake jicho la kushoto lilishuka," akasema polepole. "Na mdomo ukavutika upande huu. Miaka miwili alikuwa hivyo, mdogo wangu. Hukuona?"

Sikuona. Mtu ambaye kazi yake ni kutazama nyuso, sikuona. Miaka miwili mama alikaa mbele yangu, nami nilikuwa natazama taa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

"Huyu ni mimi," Dada akanong'ona. "Hii ni sura yangu, na nguo ya mama. Ila mimi sitazami watu hivyo."

Nikaitazama tena picha. Yale macho... yalikuwa yananipima.

Nikachukua kamera haraka, nimwonyeshe Dada kwamba ni mfanano tu, hitilafu ya mashine. Nikaielekeza kwake. Kisanduku cha kijani kikafika usoni mwake.

Kikapita.

Kilipita kama kinavyopita ukutani. Kikaenda mpaka pembeni ya chumba, kwenye kiti cha mbao.

Kikasimama.

"Kimenishika?" Dada akauliza kwa sauti ndogo. "Mbona husemi?"

"Betri," nikasema. "Betri imekwisha."

Asubuhi yake nilipanda ngazi za Mama Vioo mbili mbili, kamera shingoni. Aliponiona tu akaweka miwani machoni.

"Uligusa."

"Niliongeza uso mmoja tu."

"Kulikuwa na mtu amekaa. Ukamwinua, ukaweka sura tupu mahali pake." Akatikisa kichwa. "Sura tupu haikosi wa kuivaa."

"Nani kaivaa?"

"Wewe ndiye uliyemkaribisha. Mimi nitamjuaje?"

"Na aliyekuwa amekaa mwanzo?"

"Fungua ile orodha."

Nikaifungua. Palikuwa na nyuso mbili ndogo. Ya pili ilikuwa ya Dada, imeanza kupauka. Ya kwanza ilikuwa ya mama. Jicho la kushoto limeshuka. Mdomo umevutika upande. Poda imejikusanya kwenye mikunjo ya shavu. Na anacheka. Ilikuwa wazi kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga maishani.

"Alikuja mwenyewe," Mama Vioo akasema. "Alipanda ngazi hizi akivuta mguu, akipumzika kila hatua ya tatu. Akasema anatafuta lenzi ya sura, ile anayoisubiri mwanawe. Nikamkalisha kwenye kigoda nimjaribie. Akaniuliza, nimetoka vizuri? Nikamwambia, umetoka. Akasema nikuwekee, kwamba utakuja tu."

Ilikuwa ni ndani ya zile wiki tatu. Alitoka kwenye kiti changu akaja hapa.

Nilitaka kumuuliza Mama Vioo yeye ni mtu wa aina gani. Badala yake nikamuuliza nimtoeje Dada humo.

"Bonyeza futa."

"Nimfute Dada peke yake."

"Mashine ya zamani hiyo. Haina futa mmoja. Ina futa zote."

Nilirudi studio, nikajaribu kila ujanja ninaoujua. Uso wa mama haukukubali kuhamia kwenye kadi. Nikaupiga picha na simu pale kwenye kioo cha kamera, simu ikatoa weusi mtupu. Nilijaribu tangu adhuhuri hadi jua lilipoanza kushuka. Kwenye kona, kiti kilikuwa kinalia kidogo kidogo, kama kinavyolia mtu akibadilisha mkao. Sikugeuka.

Nikampigia Dada simu, na alipofika sikumficha. Nilimweleza yote, nikampa kamera. Aliutazama ule uso mdogo mpaka machozi yakadondokea mkononi.

"Ndiye," akasema. "Huyu ndiye mama." Akanirudishia kamera. Mkono wake ulikuwa baridi. "Futa, mdogo wangu."

"Dada, hii ndiyo pekee..."

"Najua. Futa. Mama alishakaa vya kutosha."

Akaenda kusimama mlangoni, akanipa mgongo ili asione.

Nikaweka kidole kwenye kitufe. Mama alikuwa ananichekea. Kwa mara ya kwanza nilimwona ana kidoti chini ya sikio. Miaka yote hiyo, na sikukijua. Nikawaza, jioni moja tu. Nimtazame jioni moja tu, nimjue, kisha kesho nitafuta. Kesho asubuhi na mapema.

Nikaizima kamera.

"Tayari?" Dada akauliza.

"Tayari," nikamjibu. "Nimeshafuta."

Akageuka. Nadhani alitabasamu. Taa zote za studio zilikuwa zinawaka, lakini uso wake sikuuona vizuri.