Kokwa za Tende na Kadi ya Maskati

Kila asubuhi, chai ikishanywewa, bibi yangu Bi Mwana alikuwa akitia kokwa moja ya tende ndani ya chupa. Chupa yenyewe zamani ilikuwa ya achari. Kokwa moja, siku moja ya eda.

Babangu, Zein, alifariki Ramadhani ikiwa ndo kwanza imeanza. Mamangu, Zamzam, akaingia eda. Kwetu kisiwani Amu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ovyo, hajipambi, haonani na wanaume wasiokuwa maharimu wake, yaani jamaa asioweza kuolewa nao. Eda haina mchezo, ndiyo maana bibi akahesabu kwa kokwa. Na tende mwezi ule zilikuwa tele.

Sasa, mamangu si mtu wa kukaa Amu mwaka mzima. Kazi yake iko Maskati, Omani. Anashona kofia katika karakana. Alianza miaka mitano nyuma kwa kutoboa vishimo tu. Leo yeye ndiye anayekata kitambaa na kufundisha wenziwe. Baba alipopigwa na kiharusi, alikuja kumuuguza, akamuuguza mpaka mwisho. Baba ameondoka, kwa hivyo sindano ya mama ndiyo iliyobaki kutulisha. Mimi nimemaliza fomu fo, kazi sina. Wadogo zangu wawili bado wanasoma. Bibi ana dawa zake za presha. Kazi ile ikipotea, basi tena.

Lakini nyumbani hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Ami yangu Bwanamkuu, kaka yake baba, alikuwa ameshapanga kila kitu.

Siku kokwa zilipofika arubaini, ami akaja. Akakaa nje ya pazia la chumba cha mama, kwa sababu shemegi si maharimu.

"Bi Zamzam," akasema, "tiketi nimeikata. Tarehe kumi na mbili, mwezi wa nane."

"Mbona mbali hivyo, shemegi?"

"Mbali wapi? Nimesikia ukitoka Omani usipitishe miezi sita. Msiba ulikuwa mwezi wa pili, tarehe ishirini. Miezi sita itatimia mwezi wa nane, tarehe ishirini. Nimekuachia siku nane za akiba. Utoke eda, upumzike, tumsomee marehemu hitima, jamaa zetu wa Faza wote waje. Tena kadi yako ya ukaazi ni ya miaka miwili. Imeandikwa, nimeisoma kwa mato yangu."

Ndani ya chumba alikuwamo jirani yetu, Bi Barka. Huyu alifanya kazi Omani miaka tisa. Siku hizi anakata tiketi za ndege katika ofisi ndogo pale Ndia Kuu. Alikuwa amekuja kumtizama mama na bakuli la kaimati. Nikasikia bakuli linawekwa chini.

"Bwanamkuu," akasema, "hiyo hesabu umeianza wapi?"

"Kwenye msiba. Eda huanza wapi?"

"Eda ni ya Mungu, huanza kwenye kifo. Kadi ni ya Omani, na Omani hawakumjua Zein. Wao wanajua siku moya tu, siku aliyotoka Zamzam kwenye nti yao. Zamzam, nipe pasipoti yako."

Mama akaitoa chini ya mto. Bi Barka akafunua kurasa.

"Muhuri wa kutoka huu hapa. Tarehe tisa, mwezi wa kwanza. Ulikuwa nje siku ngapi kabla ya msiba?"

"Arubaini na mbili," mama akasema hapo hapo. Hakuna hata siku moja kati ya hizo aliyoisahau.

"Basi zitie arubaini na mbili juu ya kokwa zako arubaini. Themanini na mbili. Ukipitisha siku mia na themanini bado uko nje, kadi imekufa."

Ami akacheka nje ya pazia. "Kadi itakufaje na tarehe yake iko mbele?"

"Bwanamkuu, ulipokwenda Faza kwa binti yako ukakaa miezi miwili, ulirudi ukakuta mahala pako barazani?"

Ami akaivua kofia, akaivaa tena.

"Nakuuliza."

"Alikuwa amepakalia Yassir."

"Na baraza ilikuwako?"

"Ilikuwako."

"Haya. Miaka miwili ya kadi ni baraza. Mahala pako hupalindi kwa kukaa mbali."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Ugomvi wa ami na Yassir juu ya baraza ile mji mzima unaujua.

"Mimi sikuyasoma haya," Bi Barka akaendelea. "Yalinipata. Mamangu aliugua, nikakaa naye miezi saba. Kadi yangu ilikuwa na mwaka mzima mbele. Nikafika Maskati na sanduku, na achari walizonituma watu. Afisa akatizama kompyuta, akaniambia kadi imefutwa. Nikarudishwa. Achari zile tukazila papa hapa."

Mama hakucheka. Akauliza polepole, "Na tajiri wangu? Ruhusa yangu ilikwisha zamani. Nilimwambia nina dharura tu."

"Hukumwambia umefiwa?"

"Niliona haya kumsumbua."

"Msumbue. Sheria ya kazi ya Omani humpa mjane Muislamu ruhusa ya siku mia na thalathini. Lakini lazima ajue, na umpelekee cheti cha kifo. Kadi yako imefungwa kwenye kazi yake. Akidhani umetoroka akaifuta, hizi kokwa hazitakusaidia."

Mama akachukua simu. Tajiri wake, Bi Shukri, wazee wake walitoka Unguja, kwa hivyo Kiswahili wanasikizana. Mama akarekodi sauti. Alifika kwenye jina la baba akasita, akarudia, akamaliza. Cheti akakipiga picha, akakituma.

Jibu likaja kabla ya magharibi. "Zamzam mwanangu, innaa lillahi. Mie nilidhani umepata kazi pengine, nshaanza kukasirika. Kaa eda yako, ruhusa naiandika. Lakini ukitoka tu, njoo. Hawa wasichana wanakata kitambaa kama wanakata mkate."

Siku ile ile Bi Barka akamwomba bibi kopo tupu la maziwa. Wakatia kokwa tisini na nane, ndizo siku zilizobaki za kadi. "Kila asubuhi," akasema, "toa moya kwenye kopo, itie kwenye chupa. Chupa ni eda, kopo ni Omani. Eda mtafuata mwezi unavyoandama, lakini itakuwa kama siku mia na ishirini na nane. Zamzam akitoka, koponi zitabaki kumi."

"Hizo kumi ndizo za hitima?" ami akauliza.

"Hizo kumi ndizo za kupanda ndege."

Asubuhi yake ami alifika ofisini kwa Bi Barka kabla hajafungua mlango. Tiketi ikabadilishwa, tarehe thelathini mwezi wa sita. Bi Barka akaangalia pia pasipoti inakwisha lini, na kadi inakwisha lini. Zote zilikuwa na muda.

Kopo likawa linapungua, chupa inajaa. Eda ikaisha. Bibi akamwogesha mama, akamvika nguo mpya, akamfukiza udi. Watu wa Faza wakapiga simu, wanaomba mama angoje wiki mbili waje.

"Hitima someni huko huko, dua hufika," ami akawajibu. "Zamzam hana kokwa za kungojea."

Siku mbili baadaye tulimvusha kwa mashua mpaka Manda, kwenye uwanja wa ndege. Begi alibeba ami mwenyewe.

Usiku hatukusikia kitu. Asubuhi simu ikalia, sauti ya mama. "Afisa alitizama kompyuta, akaniambia umekaa nje sana. Nikamwambia siku mia na sabini na mbili. Akahesabu yeye mwenyewe. Akanigongea muhuri. Nimeingia, na leo nimeshika mkasi."

Bibi akapiga kigelegele. Cha kwanza tangu baba aondoke.

Mama sasa hasahau. Anafanya kazi kwa Bi Shukri tu, kama kadi ilivyoandikwa. Kadi anatembea nayo, na huiongeza muda kabla haijaisha. Akija likizo, siku aliyotoka Maskati tunaiandika ukutani.

Na zile kokwa nane zilizobaki koponi, ami anazo mfukoni mwa kanzu. Juzi alizitoa barazani, akazipanga mbele ya Yassir, ambaye kijana wake anafanya kazi Doha, alikuja kuoa na ana miezi minne yuko hapa Amu.

"Na Doha nako ni siku mia na themanini?" Yassir akauliza.

"Sijui. Kila nti na sheria yake. Kamuulize Bi Barka, leo hii. Lakini usihesabu kutoka arusi yake. Hesabu kutoka kwenye muhuri."

Yassir akazitizama kokwa. Kisha akasogea, na ami akakaa mahala pake.