Waya Uliojibu

Shoga yangu ana mkwe, fundi wa mitandao ya kompyuta. Mdomo wa shoga yangu hauna kufuli na masikio yangu hayana mlango, ndiyo maana nimeyajua haya.

Ofisini kwa mkwe walikuwa wanachagua programu ya kuchora ramani ya nyaya zote za jengo. Walijaribu mbili. Ya pili ilionyesha waya mmoja wa ziada, unaoingia ukutani kwenye chumba cha chini na usioishia popote.

Bosi akamwambia mkwe, "Utafute mwisho wake, au utafute kazi nyingine."

Akashuka na mwenzake, mnene wanayemwita Kiroba. Chumba hakina dirisha, na taa ilikuwa imeungua. Kiroba akapanda juu kutafuta upande wa pili. Mafundi wana mtindo wao: mmoja akivuta waya mara mbili, mwenzake naye anavuta mara mbili, kuonyesha wameshika waya uleule.

Mkwe akavuta. Ukutani kukasikika mkwaruzo, waya ukajibu mara mbili, taratibu.

"Umeupata, Kiroba," akapaza sauti.

"Nimepata nini, bwana?" Kiroba alikuwa mlangoni, nyuma yake. "Huko juu hakuna waya. Nimerudi kukuambia."

Mkwe alimsimulia shoga yangu haya akikoroga chai isiyo na sukari, kama mtu anayetaja bei ya sabuni. Ofisi ikachukua programu ya kwanza, ile isiyouona ule waya.

Lakini pale gizani, kabla hajauachia, yeye hakuvuta tena. Waya ndio uliomvuta, mara mbili, kisha ukangoja.