Kombora Lililogeuka

Kazi yake ilikuwa kupigwa makombora. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni alikaa mbele ya kompyuta, katika ofisi ya watu wanne waliokuwa wakitengeneza mchezo wa majitu ya chuma yanayopigana, akijaribu kila kifaa cha vita kabla wachezaji hawajakigusa. Ofisini walimwita Mjaribu. Nyumbani alikuwa na binti wa miaka sita na mama yake mzazi, na huyo mama, kwa kuwa hakuelewa mtu mzima analipwaje kwa kucheza, aliwaambia majirani kwamba mwanawe ni karani.

Wiki hiyo Mjaribu alikuwa kwenye ushungi. Ndilo jina walilokipa kifaa cha kujificha: ukikiwasha, jitu lako linapoa, injini inanyamaza, na kombora linalokufuata kwa joto linakupoteza. Alisimamisha jitu lake katikati ya uwanja wa vita, akasubiri mlio wa hatari, tik, tik, tik-tik-tik, na kombora lilipomkaribia akajifunika. Kombora likapita. Akaandika "sawa", akaanza upya. Mara mia mbili kwa siku. Hakuna aliyemweza kwa kujificha, na yeye mwenyewe alilijua hilo, tena kwa maringo.

Jumanne, baada ya chakula cha mchana, kombora halikupita. Lilimpoteza kama kawaida, likasimama angani. Kisha likageuka taratibu, likauacha uwanja wa vita nyuma yake, ncha ikaelekea kwenye kioo cha kompyuta, kwake yeye aliyekaa kitini na kikombe cha chai mkononi. Likabaki hivyo mpaka alipozima mashine.

Kwenye ripoti aliandika: "Kombora limeniangalia."

"Limekuangalia?" alicheka fundi wa sauti, jamaa mpole waliyemwita Masikio kwa sababu hakuvua visikizio hata wakati wa kula. "Dada, nenda kapumzike. Macho yamechoka hayo."

"Hebu njoo unuse hapa."

Masikio akaja, akainamia kioo. Palikuwa na harufu ya kutu na ya maji yaliyokaa muda mrefu bila kuguswa. Kicheko kikamkauka mdomoni. Alirudi mezani kwake, na hadi wanafunga ofisi hakumtazama Mjaribu usoni.

Alhamisi mlio ulimfuata nyumbani. Aliwahi kutoka siku hiyo, akawa jikoni anaosha vyombo, jua bado kali dirishani, aliposikia tik ndani ya ukuta, nyuma ya rafu ya sahani. Akadhani bomba. Tik. Safari hii ilitokea upande wa mlango, na shavu lake la upande huo likapata moto kana kwamba amesogelea jiko.

"Nani anagonga?" aliuliza mama yake, akiinua kichwa kutoka kwenye mchele aliokuwa anauchambua.

"Ni bomba, mama."

"Bomba gani hilo linalotembea?"

Mjaribu alijifuta mikono, akashuka uani na simu. Masikio alipopokea, Mjaribu hakumsalimu hata kidogo.

"Ule mlio wa hatari uliutoa wapi?"

Masikio akasema kwa sauti ya chini, "Kwenye tangi."

"Tangi gani?"

"Lile bovu, juu ya paa la ofisi. Nilitaka mlio wenye mwangwi. Nikafungua mfuniko, nikateremsha kinasa sauti kwa kamba, nikagonga mara moja kwa spana. Nikajibiwa, dada. Mara tatu. Na kila mara ni karibu zaidi na mfuniko."

"Wewe! Na hukupiga hodi?"

"Tangini? Nani anapiga hodi tangini?"

"Ukajibiwa, halafu bado ukauweka kwenye mchezo?"

"Ulikuwa mlio mzuri mno," alisema Masikio, na sasa alikuwa analia. "Nisamehe. Nilijiambia ni mwangwi tu."

Tik-tik, nyuma ya kisogo chake, hapo hapo uani, mahali pasipo na ukuta.

Mtu mwingine angekimbilia kwa jirani au angepiga kelele, lakini mwili wa Mjaribu ulikuwa umeshazoea jambo moja tu, na jambo hilo ndilo alilolifanya. Alizima simu, akapanda ngazi mbio, akaingia bafuni, akajimwagia maji baridi na nguo zake mwilini, ndoo nzima, akaketi sakafuni nyuma ya mlango akiwa amekumbatia magoti, pumzi akizivuta kidogo kidogo, na mama yake alipomwita hakuitika, akamwita tena hakuitika, huku mlio ukiingia bafuni, tik, tik-tik, ukizunguka juu ya beseni, ukishuka ukutani, joto lile likimpapasa utosi, likimpapasa paji la uso, likisita, likitafuta kama kipofu anavyotafuta ufunguo mezani, halafu likampita, likatokea chini ya mlango, likaenda zake.

Alitabasamu gizani mwa viganja vyake. Masikini, alifurahi! Hata hili la leo limeshindwa kunipata, aliwaza. Alikuwa akitetemeka kwa baridi, na bado alijiona shujaa.

Tabasamu halikudumu. Katika mchezo, kombora lililopoteza shabaha halifi. Linangoja kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, tatu, kisha linatafuta chenye joto kilicho karibu. Kanuni hiyo aliijaribu yeye, na yeye ndiye aliyeandika "sawa" mbele yake.

Moja. Mbili. Tatu.

Katika chumba cha pili, binti yake, aliyekuwa anachora sakafuni, alicheka kama mtu anayetekenywa. Halafu akapiga ukelele.

Siku mbili mtoto alichemka. Kitambaa kibichi kilichowekwa kwenye paji lake kilikauka kabla bibi yake hajafika jikoni kuloweka kingine. Hospitali walimpima kila kitu, wakasema damu ni safi, mapafu ni safi, mrudisheni nyumbani anywe maji mengi. Na usingizi ulipomchukua, mlio ule ulisikika kinywani mwake, tik, tik, meno yakigongana polepole, kwa mpango, wala si kwa baridi.

Jumamosi bibi hakuuliza mtu ruhusa. Alimleta mganga, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyeingia akizilaani ngazi zao. Masikio alikuwa tayari mlangoni, amesimama tangu asubuhi, hajui aiweke wapi mikono yake. Mganga alisikiliza habari ya tangi hadi mwisho bila kushangaa. Aliomba dirisha lifungwe, akaketi kitandani, akakishika kidole gumba cha mguu wa mtoto, akakiminya.

"Hodi," alisema taratibu. "Hodi, mwenyewe. Samahani kwa waliotangulia bila hodi."

Macho ya mtoto yalifunguka, yakatazama juu. Chumba kilijaa harufu ya kutu hadi Masikio akaziba pua. Sauti iliyotoka haikuwa ya mtoto. Ilikuwa nzito, yenye maji ndani yake.

"Nimemfuata mama yake."

"Ana nini mama yake?"

"Wamenituma kwake mara mia mbili kwa siku. Nikifika, hayupo. Nikinyoosha mkono, hayupo. Sikumjua, wala sikuwa na neno naye. Wao ndio waliosema nenda, na mimi nimekwenda, nimekwenda, nimekwenda, na kila mara nafika pasipo na mtu. Mnajua kuchoka nyinyi?"

"Rudi kwako, tutakuombea radhi. Huyu bwana ataufuta mlio."

"Ni sauti yangu," ilisema ile sauti. "Akiifuta, mimi nabaki na nini?"

Mganga alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo.

"Unataka nini ili umwache mtoto?" aliuliza mganga.

"Asijifiche tena. Niwe najua alipo, kila siku, mpaka nitakapoamua kufika."

"Subiri, tuzungumze kwanza," alianza mganga, lakini Mjaribu alikuwa ameshalichukua blanketi la mwanawe, amejifunika mabegani, amepiga magoti kando ya kitanda, jasho linamtiririka.

"Niko hapa," alisema. "Mwache mwanangu. Sijifichi tena maishani mwangu. Niko hapa, niko hapa!"

Wote walisikia mlio ukihama. Tik kwenye meno ya mtoto, tik kwenye mbao za kitanda, tik kwenye sakafu, kisha blanketi likafura kidogo na kutulia, na Mjaribu akafumba macho kama mtu aliyemezeshwa chai ya moto. Mtoto alipiga chafya. Akaomba maji.

"Ametoka?" bibi alinong'ona.

"Ametoka kwa mtoto," alisema mganga akitafuta viatu vyake.

"Mimi nimeuliza ametoka?"

"Umenisikia nilivyosema, dada yangu." Mganga akamgeukia Mjaribu, bila kumsogelea. "Usikae karibu na mtu. Siku atakayoamua kufika, hatachagua yupi ni yupi."

Mtoto alikuwa ameshashuka kitandani, miguu bado haina nguvu, amenyoosha mikono yote miwili kwa mama yake kama afanyavyo kila akitoka shule. Mjaribu alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa mlango. Katika maisha yake hakuwahi kutamani kitu kama alivyotamani kulipokea lile kumbatio.

"Ishia hapo hapo, mwanangu."

"Mama, umenikasirikia?"

"Hata kidogo. Hata kidogo, mama. Bibi, mshike!"

Tik, kwenye kitasa, chini ya mkono wake.

Bibi alimdaka mjukuu kiunoni, akamkumbatia kwa nguvu zote huku mtoto akirusha mateke. Mjaribu alifungua mlango, akashuka ngazi peku na blanketi lake begani, akisema kwa sauti ya juu ili asikike vizuri, "Niko hapa, niko hapa." Waliobaki chumbani walimsikia hadi chini kabisa, na kila alipolitamka neno hilo, ngazi moja nyuma yake, alijibiwa.