Injinia na Nakala Isiyo Halali

Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Injinia akitoka shule alivua viatu mlangoni, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kisha akaenda kusimama mbele ya ukuta mweupe wa sebuleni. Chakula kilikuwa bado. Mikono yake ilikuwa inakwenda kupigwa picha.

Jina la Injinia hakupewa na wazazi. Majirani ndio waliombandika alipokuwa na miaka tisa, siku alipoifungua redio ya mama yake iliyokuwa imekaa kimya miezi mitatu, akaisafisha kwa mswaki wa zamani, ikaimba. Sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu na jina lilikuwa limemganda. Simu ikigoma, watu walisema, "Mwiteni Injinia." Pasi ikizira, "Injinia yuko wapi?" Naye alipenda kuitwa hivyo. Kusema kweli, alipenda kupita kiasi.

Baba yake alikuwa mwalimu katika shule ya watoto viziwi. Kwa mwaka mzima yeye na mwalimu mwenzake walikuwa wakitengeneza kitabu cha picha za lugha ya alama kwa ajili ya wazazi. Mwenzake huyo alikuwa mama mmoja kiziwi, mwepesi wa kucheka na mkali wa macho, ambaye watu wote walimwita Mwalimu Kamera kwa kuwa ndiye aliyepiga picha zote. Injinia alikuwa na vidole virefu vinavyoonekana vizuri, kwa hiyo mikono katika kitabu kile ilikuwa yake. Kadi ya kamera ya shule ilikuwa ndogo. Kila picha zilipohamishwa kwa flashi na kuingizwa kwenye kompyuta ya Baba, zilifutwa kwenye kamera na kwenye flashi ili kupisha nyingine.

Baba hakuanza kazi hiyo kwa kujifurahisha. Siku moja mzazi alifika shuleni kumchukua mwanawe wa miaka sita aliyekuwa akilia. Mama yule hakuweza kumuuliza mtoto wake mwenyewe anaumwa wapi. Alimpapasa kichwa, tumbo, miguu, kama mtu anayetafuta funguo gizani. Jioni hiyo Baba aliitazama sahani yake, akairudisha jikoni bila kuigusa. Kesho yake akaanza kuandika orodha ya maneno.

Orodha ilipofika alama mia tatu na kumi, na mkutano wa wazazi ukiwa umebakiza wiki mbili, kompyuta ilianza vituko. Ilikuwa Jumatano. Skrini iligeuka nyeusi na pembeni pakatokea maandishi: nakala ya mfumo endeshi uliomo humu si halali. Kuanzia hapo ikawa inajizima kila baada ya saa moja, hata Baba akiwa katikati ya sentensi.

"Mfumo endeshi ndio mdudu gani?" Mama aliuliza kutoka kwenye cherehani yake.

"Ni ile programu kubwa inayoziamuru nyingine zote, Mama," Injinia alisema. "Bila hiyo, kompyuta ni sanduku tu."

"Ahaa. Kwa hiyo sanduku letu limegundulika lina mwenyewe."

Injinia alicheka. Baba hakucheka. Alikuna shingo, akasema, "Jumamosi nitaipeleka kwa fundi. Mpaka hapo, mtu asiichezee."

"Hata mimi, Baba?"

"Hasa wewe."

Maneno hayo mawili yalimchoma Injinia kuliko Baba alivyodhani.

Kesho yake wakati wa mapumziko alimsimulia mwanafunzi mwenzake, kijana mmoja aliyeitwa Chap-Chap kwa sababu kwake hakuna jambo lililohitaji subira. Chap-Chap alitoa flashi ndogo ya bluu mfukoni, akampa.

"Dakika mbili tu," alisema. "Humu kuna programu inayofuta hayo maneno. Ila kwanza izime kinga ya virusi, maana itapiga kelele."

"Kwa nini ipige kelele?"

"Ina wivu tu hiyo."

Mchana ule Mama alikuwa amekwenda kumpelekea mteja nguo, na Baba alikuwa bado shuleni. Injinia aliketi mbele ya kompyuta. Alipoigusa ile programu, onyo jekundu lilijaa skrini nzima. Kidole chake kilisita. Alijua kusoma, na onyo lilikuwa wazi. Lakini alimwona Baba akilini mwake akiingia mlangoni, akikuta skrini safi, akisema lile neno alilolipenda. Akazima kinga ya virusi. Akabonyeza. Maandishi ya pembeni yakatoweka.

Baba aliporudi alisimama ameduwaa. "Imekuwaje hii?"

"Nilibonyeza-bonyeza kwenye mipangilio, ikakubali," Injinia alijibu.

"Injinia ni Injinia!" Baba alipaza sauti mpaka jirani akachungulia dirishani. Injinia alitabasamu, kisha akaisukuma flashi ya bluu chini ya madaftari yake.

Jumamosi hawakwenda kwa fundi. Kulikuwa na haja gani tena? Jumatatu Mwalimu Kamera alileta fungu la mwisho la picha kwa flashi yake. Baba aliziingiza, wakapeana mikono kwa furaha kama watu waliomaliza kuezeka nyumba.

Jumanne Baba aliwasha kompyuta ili aipeleke kazi kwa mchapaji. Hakuna faili hata moja iliyofunguka. Kila picha ilikuwa imeota mkia wa herufi za ajabu nyuma ya jina lake. Katikati ya skrini palikuwa na ujumbe mfupi: faili zenu zimefungwa, na ufunguo tunao sisi.

Baba alijaribu moja, akajaribu nyingine, akajaribu ishirini. Kisha akasema polepole, "Jana zilikuwa nzima. Kilichoingia humu ni flashi ya mwenzangu tu."

Injinia alifungua mdomo. Akaufunga.

Mwalimu Kamera alipoitwa alifika mbiombio, akasimama sebuleni, na wale walimu wawili wakaanza kuzungumza kwa mikono. Injinia alikuwa kwenye korido. Alikuwa akiijua lugha ile tangu utotoni, kwa hiyo hakukosa hata neno. Baba aliuliza flashi ilikuwa imepita wapi. Mwalimu Kamera alijibu kwamba haijawahi kutoka shuleni ila kuja hapa, na kwamba aliikagua kwanza. Baba akauliza tena, mikono ikikata hewa. Una hakika? Hukumwazima mtu? Mwalimu Kamera alimtazama kwa muda, akatingisha kichwa, akachukua mkoba wake, akaondoka. Watu wakigombana kwa sauti unaweza kuziba masikio usisikie. Injinia alifumba macho, lakini alikuwa amekwisha kuona yote.

Usiku ule hakupata usingizi wa maana. Asubuhi aliweka flashi ya bluu kwenye mfuko wa sketi, bado asijue atafanya nini nayo.

Mchana Baba alimchukua wakaenda pamoja kwa fundi. Fundi kompyuta alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na meza yake ilijaa kompyuta zilizofunuliwa matumbo. Aliitazama skrini, akaguna.

"Mwalimu, nani ameingiza nini humu, na lini?"

"Ni flashi ya mwenzangu, juzi."

Fundi aliangalia tena, akatingisha kichwa. "Sioni alama ya kirusi kilichofanya hivi. Kufuli za aina hii ziko chungu nzima, na kila moja ina ufunguo wake. Nikikisia nitaharibu zaidi. Kama hatujui ni ipi, kilichobaki ni kufuta diski nzima na kuanza upya."

"Na picha?"

"Picha uziage, Mwalimu."

Baba alivua kofia. Akaishika kwa mikono miwili. Mwaka mzima ulikuwa umo mle ndani. "Haya," alisema mwishowe. "Futa."

Fundi akapeleka mkono kwenye kibodi.

"Fundi, ngoja! Usifute!"

Sauti ilimtoka Injinia kabla hajaiita. Watu wote wawili waligeuka. Alitoa flashi ya bluu, akaiweka mezani.

"Si ya Mwalimu Kamera. Ni mimi. Niliweka programu ya kufuta yale maneno, Alhamisi. Nilizima kinga ya virusi. Nilisema nimebonyeza-bonyeza, lakini nilidanganya."

Alitegemea kelele. Badala yake fundi aliuliza tu, "Alhamisi saa ngapi?" Kisha akaichomeka flashi kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa peke yake pembeni, isiyounganishwa na kitu. Alisoma, akashusha miwani, akasoma tena. Uso wake ukafunguka.

"Kirusi huyu namjua! Huwa analala siku kadhaa ndipo anaamka. Wataalamu walishamtengenezea ufunguo, wakautoa bure kwa watu wote." Alimgeukia Injinia. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mgonjwa asiposema alichokula, daktari atatibu nini? Ungechelewa dakika moja, binti, tungekuwa tunazungumza mengine."

Walipotoka nje Baba alimgeukia.

"Kwa nini hukuniambia jana, nilipokuwa namlaumu mtu asiye na kosa?"

"Niliogopa, Baba."

"Uliogopa nitakuchapa?"

Injinia alitingisha kichwa. Machozi yakaanza. "Niliogopa hutaniita Injinia tena."

Baba alisimama pale pale katikati ya njia, watu wakiwapita huku na huku. Alimtazama binti yake kama anayemwona upya. Hakumkumbatia, hakumkaripia. Alisema tu, "Twende nyumbani. Nami nina langu la kufikiria."

Kesho yake walirudi. Katika picha mia tatu na kumi, mia mbili themanini na mbili zilikuwa zimefunguka. Ishirini na nane zilikuwa zimeharibika kabisa, pamoja na kurasa tano za maelezo.

"Sasa tuzungumzie chanzo," fundi alisema. "Yale maandishi ya kwanza yalikuwa ya kweli. Mfumo huu ni wa kunakiliwa, hauna leseni. Ulijua, Mwalimu?"

Baba alikuna shingo kama siku ile. "Muuzaji aliniambia kila kitu kimo ndani, nisijisumbue. Niliona kuna jambo. Sikuuliza, kwa sababu sikutaka kujibiwa."

Injinia alimwangalia baba yake. Hakuwahi kumsikia akikiri kosa mbele ya mtu wa nje.

"Basi njia halali ni mbili," fundi alisema. "Kununua leseni, au kutumia mfumo huru, ambao waliouunda wenyewe wameruhusu kila mtu autumie bure. Huo ni halali kabisa, ila itabidi mjifunze upya vitufe viko wapi."

Baba alichagua mfumo huru. Fundi aliuweka, akawaonyesha pia namna ya kuhifadhi nakala ya kazi mahali pengine kila Ijumaa. Kisha baba na binti wakaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Kamera.

Walimkuta barazani akisahihisha madaftari. Baba aliomba radhi kwanza. Kisha ikawa zamu ya Injinia, naye akaanza kusogeza mikono huku macho yakiwa sakafuni. Mwalimu Kamera aligonga meza kwa kiganja. Nitazame, alisema kwa alama. Usiponitazama, hujaniambia kitu.

Ikabidi Injinia ainue uso. Akaeleza yote huku akimwangalia machoni: programu, onyo jekundu, uongo, na jinsi alivyosimama kwenye korido akimwona akilaumiwa. Hakuruka hata neno.

Mwalimu Kamera aliweka kalamu chini. Kisha akasema kwa mikono yake iliyotulia, polepole ili wote wawili waone vizuri:

"Ile kompyuta iliwaambia ukweli, nanyi mkatafuta namna ya kuunyamazisha. Baba yako alinyamaza siku aliyouziwa. Wewe ukazima onyo, halafu ukanyamaza mimi nikibeba mzigo wako. Mimi sisikii tangu kuzaliwa, lakini kimya sikukijua mpaka juzi nilipotoka nyumbani kwenu. Binti yangu, kukosea ni kwa kila mtu. Fundi wa kweli anakiri kosa mapema, lingali linatengenezeka. Na ukiona kazi imekushinda, kusema 'imenishinda' si aibu."

"Umenisamehe?" Injinia aliuliza.

"Nimekusamehe. Lakini aliyekupa flashi hiyo, yeye anajua kilichomo?"

Injinia alitingisha kichwa.

"Basi hujamaliza."

Picha ishirini na nane zilipigwa upya wiki hiyo, na mkutano wa wazazi ukasogezwa mbele siku saba kusubiri mchapaji. Lakini kazi ya kwanza Injinia aliifanya asubuhi iliyofuata, kabla ya kengele. Alikwenda mpaka kwenye dawati la Chap-Chap, akamweleza bila kuficha kitu. Chap-Chap alicheka mwanzoni. Kisha kicheko kikakatika.

"Nilibaki na nakala yake, na nyumbani niliiweka juzi," alisema kwa sauti ndogo. "Kompyuta ile ndiyo dada yangu anaandikia kazi zake zote za chuo."

"Umemwambia?"

"Bado."

"Tukitoka hapa tunakwenda wote," Injinia alisema. "Ukishindwa kuanza, nitaanza mimi."