Pasi kwa Mtu wa Maji

Kila jioni, kabla ya kwenda mazoezini, Keely alimwandalia babu yake chai na kumsomea habari za raga gazetini. Babu Alwyn alikuwa dereva wa treni ya miwa pale Innisfail, Australia, mpaka siku alipopimwa macho. Siku hiyohiyo aliambiwa ashuke. Keely alikuwa mdogo, lakini hakusahau jinsi babu alivyorudi na kofia mkononi, akakaa barazani mpaka giza likaingia.

Katika raga yao ya watu kumi na watatu, Keely mwenyewe alivaa jezi namba nane, safu ya mbele. Kazi yake ilikuwa kushika mpira, kuinamisha kichwa na kupasua ukuta wa wapinzani. Mpira ulimfikia kutoka karibu, na hao wa kugongana nao walikuwa puani kwake. Wenzake walimwita Tingatinga.

Jumatatu moja, Kocha Merle alimrushia jezi nyingine. Namba sita wao alikuwa amehamia Brisbane na wazazi wake.

"Kuanzia leo, hii ni yako."

"Mimi, Kocha? Tingatinga awe namba sita?"

"Wewe hasa. Nguvu tunazo, nataka kichwa. Maswali yangu unayajibu kabla sijamaliza kuuliza. Namba sita anautazama uwanja wote, kisha anapaza sauti: huku, kule, piga teke! Akinyamaza yeye, tumepotea."

Wenzake walipiga makofi. Lakini lilikuwepo jambo ambalo Keely hakuwahi kumwambia mtu: vitu vya mbali hakuviona sawasawa. Mtu wa mbali kwake alikuwa rangi tu, hana uso. Angesema, angepelekwa kupimwa. Angepimwa, angevuliwa jezi kama babu alivyoshushwa treni. Akaivaa jezi hivyohivyo.

Wiki hiyo ilikuwa ya hofu tupu. Mpira ulimjia kama umetoka ukunguni, akaushtukia ukiwa umeshamgonga kifuani.

"Wee, unalala?" alifoka Bronte, namba saba, rafiki yake.

"Jua lilinipiga machoni."

"Jua gani, shoga, na mvua yote hii?"

Jumamosi ilifika. Dakika za mwisho walikuwa nyuma kwa pointi mbili, na Bronte akampasia. Keely aliudaka kwa bahati. Sasa ampe nani? Watu walikimbia huku na huku, wote ukungu mtupu. Mara kushoto, karibu na mstari wa pembeni, akaona jezi ya buluu imesimama peke yake. Buluu ilikuwa rangi yao. Akatupa pasi ndefu, safi kabisa.

Ilimpata Des kifuani. Des alikuwa mzee wa kupeleka maji uwanjani, naye alivaa fulana ya buluu. Chupa zikatawanyika, refa akapuliza, uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Mpeni namba huyo mtu wa maji!" mtu alipiga kelele.

Walishindwa. Kocha Merle alimwendea Des moja kwa moja, uso umemwiva.

"Des, mara ngapi nimekwambia usisimame njiani? Umetuponza! Jumamosi ijayo baki nyumbani na chupa zako."

Des aliinama akaanza kuokota chupa moja moja matopeni. Keely alimtazama. Aliogopa hata akataka kukimbia. Lakini angekimbia vipi, na mzee wa watu anabebeshwa kosa lisilo lake?

"Kocha," alisema. "Kosa si la Des. Ni mimi. Mimi... sioni mbali. Nilidhani ni mwenzetu."

Kocha akamgeukia Des. "Nisamehe, ndugu yangu." Akamshika Keely bega. "Na wewe, hurudi uwanjani mpaka upimwe."

Keely akalia, kwa kuwa ndilo hasa alilokuwa akiliogopa.

Kwa mpima macho, alimng'ang'ania babu mkono kama mtoto wa chekechea. "Babu, wakisema mchezo basi, je?"

"Macho yangu yaliliwa na ugonjwa, mjukuu wangu, hakuna miwani ya kuyafaa. Yako hayajapimwa hata mara moja, nawe umeshajihukumu!"

Macho ya Keely yalitaka miwani tu. Akapata ya michezo, laini, ya kufungwa kwa mkanda. Alipotoka nje alisimama barabarani akatazama mbali. Kumbe miti ya mlimani ina matawi!

Mechi iliyofuata, Des alikuja na fulana ya njano. "Leo usinipe mpira, bibie. Mimi nina maji tu!"

Keely alicheka, lakini hofu ilikuwa bado haijamtoka. "Kocha, nikikosea tena?"

Kocha Merle alimkaza mkanda wa miwani. "Utakosea, kila mtu hukosea. Ila sikiliza. Namba sita yeyote hutaja anachokiona. Wewe ulisimama mbele yetu ukataja usichokiona, ili mwenzio asionewe. Ndiyo maana jezi hii bado ni yako. Haya, nenda."

Keely akaingia uwanjani. Mpira ukamjia kutoka mbali, akaona hata mishono yake. Akaudaka, akainua macho, akamwona Bronte, uso na yote.

"Huku, Bronte!" alipaza sauti. "Huku!"